Waifai ya Nyumbani: Laini Moja, Kompyuta Nyingi

Si jambo geni siku hizi kukuta, katika nyumba moja ya Musoma, kompyuta ya mwalimu anayeandaa mitihani, ya kijana anayesoma chuo na ya mama anayetunza hesabu za duka lake. Kununua kifurushi cha intaneti kwa kila kompyuta ni gharama isiyo ya lazima, kwani ruta moja inaweza kuzihudumia zote bila waya. Hata hivyo, laini moja inapotumiwa na wengi, kifurushi kinaweza kuisha kabla ya wakati na mtumiaji akadhani ameibiwa na mtoa huduma. Katika makala hii tunaeleza namna ya kuunganisha mtandao huo na namna ya kuusimamia.

Kabla ya kulipa

Huduma huingia nyumbani kwa njia kuu mbili: kwa waya wa faiba, au kwa ruta inayowekwa laini ya simu. Mkazi wa Musoma au Bunda mjini aulize kwanza iwapo faiba imefika mtaani kwake. Mahali ambapo waya haujafika, kama katika vijiji vilivyo mbali na barabara kuu wilayani Butiama, ruta ya laini ya simu ndiyo njia iliyo karibu.

Muulize muuzaji maswali mawili: je, ninalipia kiasi cha data au kasi? Na kasi hiyo itabaki vilevile mwezi mzima? Kasi hupimwa kwa Mbps, nayo hugawanywa miongoni mwa vifaa. Kompyuta tano zikipakua kwa pamoja kupitia huduma ya Mbps 10, kila moja itapata wastani wa Mbps 2. Kumbuka pia kwamba Mbps 8 ni sawa na MB 1 kwa sekunde. Usichanganye vipimo hivyo viwili.

Nunua ruta iliyoidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), na udai risiti.

Mahali pa kuiweka ruta

Mawimbi ya waifai hupungua nguvu yanapopita katika kuta nene za mawe au matofali, na huzuiwa na mabati. Iweke ruta katikati ya nyumba, juu ya rafu, mbali na jokofu na jiko la maikrowevu. Ikiwa ruta hutumia laini ya simu, ijaribu kwanza karibu na dirisha linaloelekea mnara, hasa nyumba ikiwa nyuma ya kilima. Mawimbi ya mnara yakiwa hafifu, kompyuta zote zitakwenda polepole hata zikiwa chumba kimoja na ruta.

Ruta nyingi hutoa mawimbi ya aina mbili. Yale ya GHz 2.4 hufika mbali zaidi na hupenya kuta vizuri. Yale ya GHz 5 yana kasi kubwa lakini hufika karibu. Kompyuta ya zamani isiyouona mtandao wako huenda inapokea GHz 2.4 pekee.

Aidha, mvua za ukanda wa Ziwa Victoria huambatana na radi. Ngurumo zinapoanza, chomoa ruta na kompyuta kwenye soketi.

Kufunga mlango wa mtandao

Unganisha kompyuta ya kwanza kwa kutumia jina na nywila zilizobandikwa chini ya ruta. Kisha fungua kivinjari, andika anwani iliyo kwenye kibandiko hicho, na utekeleze hatua hizi:

1. Badilisha nywila ya kuingilia kwenye mipangilio ya ruta. Hii si nywila ya waifai, na zisifanane.
2. Upe mtandao jina lisilotaja ukoo wako wala namba ya nyumba.
3. Chagua ulinzi wa WPA2 au WPA3. Usiuache mtandao wazi, wala usitumie WEP, ambao huvunjwa kwa urahisi.
4. Weka nywila ya waifai yenye herufi zisizopungua 12.
5. Fungua mtandao wa wageni, ikiwa ruta inao, ili mgeni asipewe nywila ya familia.

Baada ya hapo, unganisha kompyuta nyingine moja baada ya nyingine. Zikiwa katika mtandao mmoja zinaweza kutumia printa moja na kupeana mafaili, na kazi hiyo ikifanyika ndani ya nyumba haili kifurushi.

Kifurushi kinakwenda wapi?

Kompyuta hupakua masasisho yenyewe, hata pasipo mtu kuigusa. Kompyuta tatu zikipakua sasisho lilelile, data hulipiwa mara tatu. Kwa hiyo, katika mipangilio ya kila kompyuta, onyesha kwamba mtandao huo hupimwa matumizi, ili masasisho makubwa yapungue au yasubiri idhini yako. Video nazo zipunguziwe ubora: saa moja ya video yenye ubora wa juu inaweza kutumia hadi GB 3.

Kila wiki, fungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa kwenye ruta. Ukiona usichokitambua, badilisha nywila siku hiyohiyo.

Laini ni yako, na wajibu ni wako

Laini iliyo ndani ya ruta imesajiliwa kwa alama zako za vidole. Mtu akitumia mtandao wako kutenda kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, uchunguzi unaweza kuanzia kwako. Piga *106# uhakiki laini zilizosajiliwa kwa jina lako.

Ikiwa umefanya yote haya na kifurushi bado kinapungua isivyoeleweka, andika tarehe, saa na salio, kisha wasilisha lalamiko kwa mtoa huduma na udai namba ya lalamiko. Usiporidhika na majibu, lifikishe TCRA pamoja na kumbukumbu hizo. Mwenye kumbukumbu husikilizwa kwa urahisi zaidi kuliko mwenye manung'uniko matupu.