Nyusi Moja Kigoma, Nyingine Mpulungu

Jumamosi jioni base yetu unaijua: nje ya geti la bandari, hapa Bujumbura, kwa mathe wa chai na ndagala za kukaanga. Jua linazama nyuma ya milima ya Congo. Malori yamepanga foleni, wasee wanabishana mpira, mimi nacheki simu. Akatokea manzi wa kwetu Buyenzi, amedunga miwani nyeusi. Saa kumi na mbili hiyo, jo. Mtu akivaa miwani ya jua na jua lenyewe limeshalala, kuna mzigo anaficha.

Akaivua. Hata wale wa mpira walinyamaza.

Nyusi ya kushoto ilikuwa imepanda kama inauliza swali. Ya kulia imelala, nene, mkia umefika karibu na sikio. Msee mmoja wa kupakua mizigo akatoa hukumu: "Hii moja imeshatia nanga Kigoma. Hiyo nyingine bado iko Mpulungu inapakia saruji." Base nzima chini. Tangu siku hiyo, mtu yeyote mtaani mwenye nyusi zisizolingana anaulizwa tu: wewe, meli ya pili inafika lini?

Nilicheka, halafu nikaacha kucheka, kwa sababu yule manzi alikuwa analia. Mimi napaka mekapu za maharusi, Buyenzi na Bwiza, kwa hiyo nyuso za watu ndizo ugali wangu. Nikamvuta kwenye taa ya mathe, nikamwashia na tochi ya simu. Rangi ilikuwa kijivu inayokimbilia bluu, kama wino wa kalamu ulioingia maji. Vile vistari vilivyotakiwa kufanana na vinywele vilikuwa vimevimba na kuungana, ukanda mmoja tu. Nikapitisha kidole taratibu. Kwenye mkia kulikuwa na kigongo chembamba, kigumu. Hicho si rangi. Hicho ni kovu.

"Una muda gani nazo?"

"Miezi mitano."

Hilo swali mimi naanza nalo kila mara, na wewe uliweke kichwani. Wiki ya kwanza usihukumu nyusi. Zikitoka tu kuchorwa zinakuwa nyeusi za kutisha, zinavimba, zinabanduka vigaga, kisha sehemu kubwa ya ule ukali inapotea. Subiri hadi mwezi mmoja na nusu ndipo uangalie umebeba nini. Kuna madem wamekimbilia kurekebisha siku ya tano kitu ambacho hakikuwa kimeharibika, wakakiharibu sasa kwa mkono wao na doh yao. Lakini miezi mitano? Hiyo imeshakaa. Hiyo ndiyo yenyewe.

Sasa kwa nini bluu? Cheki. Ngozi ina ghorofa. Ile ya juu inabanduka kila siku, ukiweka rangi pale inaondoka na sabuni. Mchoraji mzuri anashuka kwenye ile inayofuata, juu juu tu, anaacha pigmenti hapo ikae mwaka mmoja, miwili, mitatu hivi. Mwenye mkono mzito anapitiliza. Huko chini wino unasambaa, na rangi nyeusi ukiitazama kupitia ngozi inaonekana bluu, kama mshipa wa damu. Ongeza kwamba rangi nyingi za nyusi ni mchanganyiko: kaboni nyeusi na oksidi za chuma, yaani ndugu wa kutu. Hazizeeki pamoja. Kaboni ikibaki peke yake unakuwa wa kijivu. Ule wekundu wa chuma ukibaki peke yake, unatembea mjini na nyusi za rangi ya tofali. Watu wanadhani waliibiwa rangi. Hapana, rangi zilikuwa kwenye safari moja, nyingine zikashuka njiani.

Na trendi yenyewe imeshahama, ndiyo inaniuma zaidi. Zile nyusi za tiki, kali, nyeusi tititi, kama alama ya mwalimu kwenye daftari, zimeisha. Sasa hivi kinachotokelezea ni nyusi laini, za unga, nyepesi mwanzoni na zinakolea kuelekea mkiani, mtu akutazame asijue kama ni zako au za duka. Fasheni inabadilika kila msimu wa mvua. Wewe umejichora kitu cha miaka mitatu.

Wazee? Usiniambie. Mathe wa chai alikuwa wa kwanza: paka ndimu, chumvi na majivu, sugua asubuhi na jioni. Mzee wa getini akadakia eti Mungu alishakupa nyusi zako, ulitafuta nini. Mzee, kunywa chai yako. Hiki ndicho kizazi kilichojipaka mkorogo mpaka uso ukawa papai na vifundo vya vidole vikabaki vyeusi vilevile, leo ndio madaktari wa ngozi? Na hiyo ndimu mimi nimeiona kazini kwake. Inachoma ngozi ya juu, inaacha doa jeusi kuzunguka nyusi, na wino chini hauna habari kabisa. Sasa una matatizo mawili, moja limemzunguka mwenzake.

Lakini kosa la wazee ni dogo. Kosa kubwa ni letu sisi wa mjini. Manzi alikuwa ameshapata ofa: saluni ileile iliyomchoma ilimwambia aje, watamfunika bure. Upande uliozidi watapaka rangi ya ngozi, uliopungua wataongeza nyeusi. Bure! Nikamshika mkono nikamwonyesha boti iliyovutwa nchi kavu, pale ndani ya uzio. Siku tatu jamaa alikuwa ananing'inia ubavuni mwa hiyo boti na nyundo ndogo na brashi ya waya. Tang, tang, tang, mpaka kichwa kinauma. Kutu inadondoka kama maganda ya karanga. Hajagusa kopo la rangi. Ukimuuliza kwa nini hapaki, anakutazama kama umemtukana. Nani anapaka rangi juu ya kutu?

Basi uso wako una thamani kuliko boti ya kubeba saruji.

Ile rangi ya ngozi nisikilize vizuri, hapa ndipo watu wanapozikwa. Weupe wake mara nyingi ni titani dioksidi. Baada ya muda inabaki kama chokaa juu ya uso wako, doa linaloonekana hata kwenye giza. Na siku utakapochoka uende kufuta kwa leza, titani dioksidi ikipigwa na leza inaweza kugeuka nyeusi au kijivu papo hapo. Oksidi ya chuma nayo ina tabia hiyohiyo. Umeenda kufuta, umerudi umekolezwa. Ndiyo maana fundi wa leza anayejua kazi anajaribu kwanza kidoa kidogo, anasubiri, halafu ndipo anaendelea.

Njia za kweli zipo, na hakuna ya haraka. Kama tatizo ni rangi tu na umbo liko fiti, kuna kusawazisha: kijivu cha bluu kinatulizwa na rangi yenye uchungwa ndani, wekundu unatulizwa na kijani cha zeituni. Hesabu ya mwalimu wa uchoraji, lakini inataka jicho. Kama umbo ndilo limeharibika, lazima utoe. Kuna maji ya chumvi maalumu, si chumvi ya jikoni kwa mathe, yanaingizwa kwa sindano palepale penye wino. Kigaga kinajikusanya, kikidondoka chenyewe kinabeba wino kidogo. Ukikibandua kwa kucha, umejitengenezea kovu jipya. Unasubiri wiki sita hadi nane, unarudi. Mara mbili, tatu, nne. Na kuna leza, ambayo kwa ngozi nyeusi kama zetu swali la kwanza ni mwanga gani: ule wa nanomita 1064 unapita weusi wa ngozi bila kuuchokoza sana, mifupi zaidi ya hapo inaweza kukuachia madoa meupe. Hiyo wengi wanaifuata Nairobi, na ukijumlisha nauli, bei ni ya kuua. Na kama kwenu mna tabia ya makovu kuvimba, lile la kutoboa sikio likawa kama harage, sema mapema. Fundi akikujibu "hakuna shida" kabla hujamaliza sentensi, chukua mkoba wako, hepa.

Manzi alilipia nyusi pesa ya brosheti na ndizi za wikendi mbili. Kuzitoa kunamla miezi. Alipiga hesabu palepale kwenye karatasi ya ndagala, akanitazama. "Wiki nane kila mara? Na harusi ya dada?"

Nikampa stori ya Liemba, meli ambayo kila mtu wa ziwa hili anaijua. Imejengwa Papenburg, Ujerumani, 1913, ikaja vipandevipande, ikaunganishwa Kigoma. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha ili isichukuliwe, lakini injini waliipaka grisi kwanza. Waingereza wakaiinua 1924. Unajua ilirudi kazini lini? 1927. Miaka mitatu ya kusafisha na kutengeneza, kwa kitu cha chuma. Wewe una ngozi, inajiponya yenyewe usiku ukilala. Wiki nane ni nini?

Jambo moja sikucheka nalo kabisa. Nilimuuliza sindano. Alifungua mpya mbele yako? Hakumbuki. Kikopo cha wino je? Kilikuwa mezani, kimeshatumika. Hepatitisi B na C na virusi vya ukimwi havijali kama ulienda hospitali au saluni, vinapita kwenye damu tu. Nikamwambia kabla ya nyusi, kapime. Na wino wenyewe usiwe kichupa kisicho na jina. Marekani, kati ya 2003 na 2004, wino wa kampuni moja uliletea mamlaka yao ripoti zaidi ya 150 za watu waliovimba na kuumia, na huo ni wino uliokuwa na lebo. Umoja wa Ulaya ulisubiri mpaka Januari 2022 kuzuia maelfu ya kemikali kwenye wino wa tatuu na mekapu ya kudumu. Sisi huku mlinzi wetu ni jicho letu: namba ya toleo, tarehe ya mwisho, pakiti inayopasuliwa unaiona.

Alipima. Yuko salama. Harusi ya dada nilimpaka mimi, krimu ya chungwa juu ya ule ubluu, kisha fondesheni, kisha penseli, kinywele kimoja kimoja, saa nzima kwa nyusi mbili. Usiku akaosha uso, zikarudi.

Jumamosi iliyopita akaja base tena. Ametoka kwenye mara ya pili ya maji ya chumvi, vigaga vimeshadondoka. Hana miwani. Mkia ule wa kulia umefifia mpaka unautafuta, kijivu kimekuwa moshi, kigongo bado kipo ila kimelainika. Yule msee wa mizigo akamkagua muda mrefu, mdomo umejaa ndagala.

"Imeng'oa nanga," akasema. "Lakini bado haijafika."

Manzi akamnyang'anya sahani, akala zilizobaki.