Kutoka Nazareti hadi Kapernaumu kwa Miguu

Injili ya Yohana inamtaja diwani mmoja wa Kapernaumu ambaye mwanawe alikuwa mahututi. Aliposikia kwamba Yesu yuko Kana, alimwendea akamsihi ashuke amponye mtoto. Akaambiwa aende zake, mwanawe yu hai. Alipokuwa akirudi, watumishi walimlaki njiani wakamweleza kwamba homa ilimwacha kijana siku iliyotangulia, saa saba. Aliyeketi kanisani huipita siku hiyo moja bila kuijali. Familia iliyotembea Galilaya kwa miguu haiwezi kuipita. Kati ya Kana na Kapernaumu, iliyo kando ya Ziwa la Galilaya, kuna vilima na mabonde ya zaidi ya kilomita 25, na jua lilimchwea baba yule kabla hajafika kwake, hana lolote mkononi ila neno aliloambiwa.

Umbali huo ndio ambao mahujaji wengi hawaujui, wakiwemo wanaotoka Afrika Mashariki na vikundi vya makanisa yao. Basi huwashusha mlangoni pa kanisa hili, dakika chache baadaye wako kanisa jingine. Mtoto anayesafiri hivyo hukumbuka foleni na maduka. Anayetembea huanza kuuliza maswali mwenyewe: walilala wapi, walikunywa nini, kwa nini walichoka?

Njia ya Yesu, njia ya miguu ya takriban kilomita 65 kutoka Nazareti hadi Kapernaumu, ilianzishwa mwaka 2007 na watu wawili: Maoz Inon, Myahudi wa Israeli aliyefungua nyumba ya wageni katika mtaa wa kale wa Nazareti, na David Landis, Mmarekani mzoefu wa safari za miguu. Wengi huigawa kwa siku nne na kulala vijijini. Nazareti iko mita 350 hivi juu ya usawa wa bahari, na ziwa liko mita 210 hivi chini ya usawa huo, kwa hiyo kwa jumla njia inashuka, ingawa miinuko haikosekani. Wa kwanza unamsubiri msafiri Nazareti kwenyewe, kwa ngazi ndefu zinazopanda kutoka mitaa ya zamani hadi ukingo wa mji.

Kilomita sita hivi mbele kuna magofu ya Sepphoris, mji ambao Herode Antipa aliujenga upya Yesu alipokuwa bado mdogo. Wapo wanaodhani kwamba Yosefu fundi alipata kazi huko. Ushahidi wa jambo hilo hakuna, lakini ukaribu wa miji hiyo miwili unaonekana kwa macho. Kana ya leo, Kafr Kanna, ni mji wa Waarabu, Waislamu na Wakristo, wenye kanisa la kukumbuka arusi ambako Yesu aligeuza maji kuwa divai. Lakini wataalamu wengi wa mambo ya kale huielekeza Kana ya Injili kwenye magofu ya Khirbet Qana, kaskazini zaidi. Ni vizuri wazazi wawaambie watoto hivyo waziwazi, kwani imani haipungui kwa kukiri kwamba mahali fulani hapajathibitishwa.

Baada ya Kana njia hukata mashamba na mizeituni hadi Pembe za Hattin, kilima ambako Salahuddin aliwashinda Wapiganaji wa Msalaba mwaka 1187. Chini yake kuna Nabii Shuaibu, mahali patakatifu pa Wadruze, wanaoamini kwamba hapo amezikwa Yethro, mkwewe Musa. Siku chache za kutembea zinampitisha mtoto kwa Wakristo, Waislamu, Wayahudi na Wadruze, wote wakiishi katika nchi aliyoisikia kwenye mafundisho ya Jumapili kana kwamba haina watu tena.

Halafu ardhi inakatika ghafla. Jabali la Arbeli limejaa mapango ambamo wapinzani wa Herode Mkuu walijificha, na mwanahistoria Josephus ameandika kwamba askari waliteremshwa kwa kamba wakiwa ndani ya masanduku ili kuwafikia. Ziwa zima linaonekana kutoka juu: urefu kilomita 21, upana 13. Kisiwa cha Unguja ni kikubwa kuliko ziwa hilo takriban mara kumi, lakini Biblia inaliita bahari. Sehemu ya mteremko ina vishikio vya chuma vilivyopigiliwa mwambani; vijana huifurahia sana, ila wenye watoto wadogo wazunguke kwa gari.

Ufukweni ndiko kwenye utajiri zaidi. Huko Magdala, sinagogi la karne ya kwanza liligunduliwa mwaka 2009. Huko Ginosar kuna mashua ya zama hizo, yenye urefu wa mita 8.2, iliyoonekana topeni mwaka 1986 ukame uliposhusha maji. Imeungwa kwa mbao za miti ya aina nyingi, viraka juu ya viraka, kazi ya wavuvi maskini. Tabgha ina mozaiki ya karne ya tano ya kapu kati ya samaki wawili, na watoto wakihesabu mikate watapata minne, si mitano. Mahujaji huambiwa kwamba wa tano ni ule wa altareni. Wakiketi kula, samaki wanaoletewa kwa jina la Petro ni jamaa wa sato na perege wa kwetu. Kapernaumu, mwisho wa njia, kuta za sinagogi la mawe meupe zimesimama juu ya msingi wa mawe meusi ya volkano, hatua chache kutoka nyumba inayoaminiwa kuwa ya Petro.

Vita kati ya Israeli na Hamas vilivyoanza Oktoba 2023 viliwapunguza sana wageni. Wazazi wa Inon waliuawa katika mashambulizi ya tarehe 7 mwezi huo, naye tangu hapo amekuwa akihimiza amani pamoja na Aziz Abu Sarah, Mpalestina aliyefiwa na kaka yake. Mwaka 2024, wawili hao walikumbatiwa na Papa Fransisko mjini Verona.

Anayepanga safari aulize kwanza hali ya usalama kwenye wizara ya mambo ya nje ya nchi yake. Miezi ya Machi na Aprili hufaa zaidi: maua yamechanua na joto halijakaza, kwani kiangazi ziwani huunguza. Maji yabebwe ya kutosha, maana kuna vipande virefu visivyo na kivuli wala duka. Familia isiyoweza siku nne inaweza kutembea kutoka Nazareti hadi Sepphoris asubuhi, kisha siku nyingine ikafuata ufukwe kutoka Magdala hadi Kapernaumu.