Kilo za kahawa na maana ya f(x)

MSIMU wa mavuno ufikapo, matunda mekundu ya kahawa hupelekwa viwandani kote Othaya, Tetu, Mukurweini na Mathira, katika Kaunti ya Nyeri. Mkulima hupimiwa kwenye mizani, akapewa risiti ya kilo zake, na baadaye akalipwa kwa kadiri ya kilo hizo. Aelewaye uhusiano huo wa kilo na malipo tayari anaifahamu fankisheni, hata kama alama ya f(x) humtia hofu.

Fankisheni ni kanuni inayoipa kila namba iingiayo jibu moja tu. Herufi f ni jina la kanuni. X ni namba inayoingizwa. Nayo f(x), isomwayo “f ya x”, ni jibu litokalo. Mwanahisabati wa Uswisi, Leonhard Euler, aliitumia alama hii mwaka wa 1734.

Wanafunzi wengi hudhani kwamba f inazidishwa kwa x, maadamu katika aljebra mabano aghalabu huashiria kuzidisha. Hapa sivyo. Mabano haya ni mlango wa kuingizia namba.

Tuchukue mfano wa kubuni. Chama cha ushirika kinalipa Sh80 kwa kilo, kisha kinamkata kila mwanachama Sh4,000 za gharama. Tukiyaita malipo M na kilo k, kanuni ni:

M(k) = 80k − 4,000

Aliyepeleka kilo 100 atapata M(100) = 8,000 − 4,000, yaani Sh4,000. Wa kilo 200 atapata M(200) = 16,000 − 4,000, yaani Sh12,000. Kilo zimeongezeka mara mbili, lakini malipo yameongezeka mara tatu. Ndiyo sababu haifai kukisia M(200) kwa kuzidisha M(100) kwa mbili. Sharti kanuni ifuatwe upya tangu mwanzo. Naye wa kilo 50 hapati kitu, kwani M(50) = 0. Aliyepungukiwa na hizo atabaki na deni.

Sasa tuseme mkutano mkuu unapendekeza kanuni nyingine: makato yawe Sh20 kwa kila kilo. Tuiite N:

N(k) = 60k

Wa kilo 100 atapata Sh6,000 badala ya Sh4,000. Wa kilo 400 atapata Sh24,000, ilhali kanuni ya M ingempa Sh28,000. Kanuni hizi mbili hulingana pale 80k − 4,000 = 60k, yaani kilo zikiwa 200. Chini ya hapo N humfaa mkulima mdogo. Juu ya hapo M humfaa mkubwa.

Kwa hiyo, kabla ya kuinua mkono kupiga kura, heri mwanachama atoe risiti zake, ajumlishe kilo, kisha aziingize katika kanuni zote mbili.