Hesabu Mapanga Kabla ya Kuchomelea

Bati la feni ya kinu cha kusaga mahindi likipasuka, wenye vinu hutuletea huku Katwe, Uganda. Tunalichomelea, na baada ya muda ufa unarudi pale pale. Mimi ni fundi wa feni hizo katika karakana za Divisheni ya Makindye, ambako chuma chakavu hugeuka vinu, mashine za kukoboa kahawa na majiko. Ningependa kila mwenye kinu ajue kwamba ufa wa namna hiyo mara nyingi hauletwi na wembamba wa bati. Huletwa na hewa.

Feni huvuta unga kutoka chumba cha nyundo na kuusukuma hadi kwenye saikloni, pipa linalotenganisha unga na hewa. Ndani ya ganda lake, pale bomba la kutolea linapoanzia, pana ukingo wa bati, ulimi wa feni. Kila panga likipita mbele ya ulimi huo, hewa iliyobanwa katikati hutoa pigo moja. Kwa umeme wetu wa Uganda, mota ya nguzo nne huzunguka kama mara 1,450 kwa dakika, yaani 24 hivi kwa sekunde. Puli zikilingana na feni ikiwa na mapanga 6, hewa hupiga mara 145 kila sekunde. Huo ndio mvumo unaosikika hadi barabarani.

Sasa, kila bati lina mtikisiko wake wa asili: ligonge, litalia kwa sauti yake. Hewa iliyo bombani nayo ina wake. Bomba la mita 1.2 lililo wazi ncha zote mbili hulia karibu na mipigo hiyo hiyo 145. Mipigo ya feni ikilingana na mitikisiko hii, kila pigo huongezea nguvu lililotangulia, kama watu wanaosukuma gari lililozama matopeni kwa kuitikiana. Hewa hulitikisa bati, bati nalo huisukuma hewa. Chuma huchoka penye mshono, na hapo ndipo kinapopasuka.

Mitambo mikubwa nayo iliteswa na ulinganifu wa namna hii. Mwaka 1924, Wilfred Campbell wa General Electric, Marekani, alichapisha utafiti wake kuhusu mitikisiko ya magurudumu ya tabo za mvuke. Mchoro unaolinganisha kasi ya mzunguko na mitikisiko ya asili ya chuma unaitwa kwa jina lake, na wahandisi wa injini za ndege wanautumia hadi leo.

Wewe unahitaji simu tu. Zipo programu za bure zinazoonyesha mipigo ya sauti. Ukisoma 145, gawa kwa 24: unapata 6, idadi ya mapanga. Basi tatizo ni hewa. Mtetemo wa 24 unaousikia mkononi ni jambo jingine: tafuta nyundo zilizolika upande mmoja au shafti iliyopinda.

Tatizo likiwa hewa, vunja ulinganifu. Badilisha urefu wa bomba, weka feni ya mapanga 7, sogeza ulimi mbali kidogo na mapanga, au chomelea pembe ya chuma mgongoni mwa bati ili likazike. Ukiusogeza ulimi kupita kiasi, feni hupoteza nguvu ya kusukuma.

Kazi hii inalinda pia masikio ya kijana anayemimina mahindi. Kelele ya desibeli 85 kwa saa nane kila siku inatosha kuharibu usikivu taratibu, na usikivu ukiharibika hivyo haurudi. Kwa hiyo ukimletea fundi feni iliyopasuka, mletee na idadi ya mapanga, kasi ya mota na urefu wa bomba. Asipoviuliza, mwambie wewe kabla hajawasha mashine ya kuchomelea.