Konokono wasio na gamba ndani ya nyumba: wanapita wapi, na tufanye nini

Mvua za masika zikishika kwenye miteremko ya Mlima Meru, ujumbe wa aina moja huanza kuingia kwenye simu ya studio yetu. Mtu ameamka asubuhi na kukuta michirizi inayong'aa sakafuni, ukutani, wakati mwingine hadi kwenye kabati la vyombo. Aliyeiacha haonekani. Mwingine ameenda jikoni usiku bila kuwasha taa, akakanyaga kitu laini chenye utelezi.

Maswali nayo yanafanana. Anaingiaje wakati mlango umefungwa? Ana madhara? Chumvi inatosha? Na ile dawa ya nyanya iliyobaki shambani, tukiinyunyiza chumbani itasaidia?

Tunaanza na swali la mwisho, kwa sababu ndilo linaloweza kugharimu maisha ya mtu.

Dawa ya shambani isiingie ndani

Konokono si mdudu. Yuko kwenye kundi moja na chaza na pweza wa baharini. Dawa nyingi tunazopulizia nyanya, kabichi na kahawa zimetengenezwa kwa ajili ya wadudu, na nyingi hazimdhuru konokono. Ukiinyunyiza chumbani, konokono atarudi kesho, na sumu itabaki sakafuni pale pale mtoto anapotambaa na kulamba vidole.

Ipo dawa maalumu ya konokono, ya punje ndogo ndogo, ambayo mara nyingi ina sumu iitwayo metaldehaidi. Punje hizo huchanganywa na nafaka ili konokono avutiwe kuzila. Tatizo ni kwamba mbwa, kuku na mtoto nao huvutiwa. Aliyezila anaweza kutokwa na mate mengi, kutetemeka, kisha kupata degedege, na hakuna dawa maalumu ya kuiondoa sumu hiyo mwilini. Uingereza ilipiga marufuku matumizi yake bustanini na mashambani mwaka 2022 kwa sababu ya madhara kwa ndege na wanyama wengine.

Kama bustani yako imeshambuliwa sana na unaona huna njia nyingine, nunua dawa kwenye duka la pembejeo, ikiwa ndani ya pakiti yake ya asili yenye maelezo yanayosomeka. Uliza kama imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA, ambayo makao yake makuu yako hapa hapa kwetu, Ngaramtoni. Uliza pia kama ipo yenye fosfeti ya chuma, ambayo hatari yake kwa mifugo ni ndogo zaidi. Usinunue dawa iliyopimiwa kwenye kikaratasi au kumiminwa kwenye chupa ya soda. Na hata iliyo halali ni ya bustanini. Usiiweke ndani ya nyumba.

Mtu akimeza sumu, usimlazimishe kutapika. Mwahishe kituo cha afya au hospitali, na uende na pakiti ya dawa ili mganga ajue anashughulika na nini.

Huyu ni mnyama gani

Kamusi humwita koa, lakini wengi wetu tunamwita konokono tu, au konokono asiye na nyumba. Hana gamba la kujificha kama yule mkubwa wa shambani, kwa hiyo jua na upepo mkavu ni adui zake wakubwa. Sehemu kubwa ya mwili wake ni maji, na akikauka anakufa. Ndiyo maana mchana hujificha chini ya mawe, magogo na majani yaliyooza, na kutoka giza likiingia.

Hapo ndipo tunapoelewa kwa nini wasikilizaji wa Poli, Akheri, Nkoaranga na Ilboru wanamlalamikia kuliko wale wa Oldonyosambu. Mlima Meru una urefu wa zaidi ya mita 4,500, na mvua nyingi hushuka upande wa kusini na mashariki. Upande wa kaskazini na magharibi ni mkavu. Kwenye vihamba vya migomba na kahawa kivuli hakikauki, udongo una rutuba, na majani yanaoza mwaka mzima. Masika ni Machi hadi Mei, vuli huja mwishoni mwa mwaka, na katikati, Juni na Julai, kuna baridi na mawingu mazito. Kwa konokono, hayo ni maisha mazuri.

Wapo wanaosema konokono ndani ya nyumba ni mkosi, au ametumwa na mtu. Hajatumwa. Amefuata unyevu na chakula. Kila mmoja ana viungo vya kike na vya kiume, kwa hiyo karibu kila unayemwona anaweza kutaga. Mayai yake ni madogo kama shanga, na huyaficha kwenye udongo wenye maji maji.

Anaingiaje

Mwili wake hauna mfupa. Hujivuta na kuwa mwembamba, akapenya kwenye upenyo ambao usingedhani unapitisha kitu. Njia za kawaida ni hizi: nafasi chini ya mlango, ufa kati ya ukuta na sakafu, mwanya kati ya mbao kwa nyumba za mbao, tundu la bomba la sinki linapotokea nje, na shimo la maji la bafuni.

Ipo njia nyingine ambayo wengi hatuifikirii: tunambeba wenyewe. Anaingia ndani ya mzigo wa majani ya ng'ombe uliotuliwa jikoni kwa muda, kwenye kuni mbichi, kwenye mkungu wa ndizi uliowekwa stoo uive, kwenye kabichi na majani ya maboga yaliyovunwa jioni ili yapelekwe soko la Tengeru au Kilombero alfajiri. Mzigo unapumzika ndani usiku mmoja, konokono anashuka.

Akishaingia, hutafuta chakula. Hula ndizi mbivu, mboga, pumba, makombo ya ugali, chakula cha paka kilichobaki kwenye kisahani, hata ukungu wa ukutani. Ute anaouacha humsaidia yeye na wenzake kuifuata njia ile ile usiku unaofuata. Ndiyo maana unamtoa leo, na kesho unakuta mchirizi mahali pale pale.

Je, ana madhara?

Hang'ati wala hana sumu ya kumwaga. Wengi pia hutuuliza kama analeta kichocho. Hapana. Konokono wa kichocho ni wengine, wenye gamba, wanaoishi majini: kwenye maziwa, mabwawa na mifereji isiyo na kasi. Mtu huupata ugonjwa huo kwa kuingia kwenye maji yenye vimelea, si kwa konokono anayetambaa sakafuni.

Lakini hilo lisitufanye tumzoee. Konokono wa nchi kavu hupita chooni, kwenye mbolea na kwenye vinyesi vya panya, kisha akapita juu ya sahani. Katika nchi za Asia ya Kusini-Mashariki na visiwa vya Pasifiki unajulikana mnyoo wa panya ambao hukua kwanza ndani ya konokono. Mtu akimla konokono huyo mbichi, au akimmeza mdogo aliyejificha kwenye mboga isiyopikwa, mnyoo unaweza kufika kwenye ubongo. Nchini Australia kijana mmoja alimeza konokono wa aina hii kwa mzaha mwaka 2010. Alipooza, na mwaka 2018 akafariki.

Hatulisemi hili ili mtu alale na hofu. Tunalisema kwa sababu kinga yake ni rahisi. Mboga za kachumbari na saladi zioshwe jani moja moja kwa maji safi yanayotiririka. Vikombe vifunikwe kifudifudi, na ndoo ya maji ya kunywa iwe na mfuniko. Chombo chenye mchirizi kioshwe kwa sabuni kabla ya kutumika. Watoto wadogo wasimshike wala kumtia mdomoni, na aliyemshika anawe kwa sabuni.

Kwanza itafute njia yake

Usianze kuziba kila kitu kwa kubahatisha. Kati ya saa mbili na saa nne usiku, zima taa, washa tochi ya simu na uishike karibu na sakafu, mwanga upite kwa ubavu. Michirizi itang'aa. Ifuate hadi inapoishia ukutani au mlangoni, uweke alama kwa mkaa. Rudia usiku wa pili. Mara nyingi utakuta milango yao ni miwili au mitatu tu.

Mchana, ziba. Ufa wa ukuta wa tofali hujazwa saruji na mchanga. Ufa wa nyumba ya udongo hukandikwa upya. Chini ya mlango, pigilia kipande cha mpira wa tairi au tyubu kuukuu, kiguse sakafu bila kuzuia mlango kufunguka. Shimo la bafuni na mdomo wa bomba nje viwekewe wavu wa chuma wenye matundu madogo. Gharama yake ni ndogo kuliko ya pakiti ya sumu, na kazi hiyo inadumu.

Kausha kuzunguka nyumba

Hatua inayofuata ni kumnyima kivuli na maji. Acha upana wa hatua moja kuzunguka ukuta ukiwa wazi, bila nyasi, kuni, mawe wala magome ya migomba. Kuni zipangwe juu ya vipande vya miti, mbali na ukuta. Majani ya ng'ombe yatuliwe bandani, na mkungu wa ndizi ukung'utwe na kukaguliwa nje kabla ya kuingia stoo. Koki inayovuja irekebishwe, na maji ya kuogea yasituame nyuma ya nyumba. Madirisha yafunguliwe mchana ili chumba kikauke. Vyombo vya paka na mbwa vioshwe kabla ya kulala.

Majivu makavu yaliyopoa husaidia yakimwagwa kama mstari chini ya upenu, mahali mvua isipofika. Konokono hapendi kutambaa juu ya kitu kikavu chenye vumbi. Majivu yakilowa hayafai tena, kwa hiyo yabadilishwe mara kwa mara.

Na chumvi? Ni kweli inamuua, kwa kumnyonya maji ya mwilini. Lakini akifa hivyo hutoa ute mwingi zaidi wa kukusumbua, na mstari wa chumvi mlangoni hulowa kwa ukungu wa usiku mmoja. Chumvi inayomwagwa nje kila siku huharibu udongo, na migomba na mboga zilizo karibu zitaumia.

Kuwapunguza waliopo

Jioni, weka gunia lililoloweshwa au ubao mpana nje, karibu na pale wanapopita. Watajificha chini yake kunapokaribia kucha. Asubuhi liinue, uwaokote kwa kijiti au kwa mkono uliovikwa mfuko wa nailoni, uwatie kwenye ndoo ya maji ya sabuni na chumvi. Wakishakufa, wafukie.

Mtego mwingine ni kopo lililofukiwa bustanini, mdomo wake ukiwa juu ya udongo kidogo ili wadudu wazuri wasitumbukie. Tia ndani maji yenye hamira na sukari, au machicha ya pombe ya ndizi. Harufu ya uchachu huwavuta, wanatumbukia.

Usiwaue vyura wa bustanini, kwani nao hula konokono. Bata pia wanawapenda sana. Kuku huwala, ila wanaweza kupata minyoo ya koo kutokana nao, kwa hiyo usifanye konokono kuwa chakula chao. Na kama umetumia dawa ya punje, bata na kuku wote wafungiwe.

Kuhusu ute kwenye mikono: usianze na maji, kwa sababu ute huvimba na kunata zaidi. Sugua kwanza kwa majivu makavu au kitambaa kikavu hadi utoke kama uzi, ndipo unawe kwa sabuni. Sakafuni ni hivyo hivyo: futa kwa kitambaa kikavu, kisha piga deki kwa maji ya moto na sabuni. Ukiufuta vizuri, umefuta pia njia wanayoifuata wenzake.

Wakati mzuri wa kuifanya kazi hii ni mwezi Februari kabla ya masika, na Septemba kabla ya vuli, ukuta ukiwa mkavu na saruji ikishika vizuri. Lakini kama mvua imeshaanza, anza leo na kitu kimoja: mpira chini ya mlango wa jikoni. Na kama kuna chupa ya dawa ya nyanya ndani, itoe kabla hujalala, uifungie mahali ambapo watoto hawafiki.

Ukijaribu njia hizi, tuandikie kwa simu utuambie uko kijiji gani na ipi imekufaa. Majibu yenu tutayasoma hewani.