Gunia Moja na Majibu Mawili

Wanachama wetu wengi bado wanaikumbuka fadhaa ya msimu uliopita, pale gunia moja la karafuu lilipotolewa sampuli ghalani kwetu na kurudishiwa majibu mawili. Wengine khabari hii wameisikia barazani tu, na kila baraza imeongeza yake. Kwa hivyo tumeona bora tuieleze hapa kama ilivyokuwa, kisha tueleze jambo ambalo Halmashauri imeamua kulifanya kwa sababu yake.

Tulichota vifuko viwili katika gunia hilo, tukavifunga visipenye hewa, tukavipeleka kwa maabara mbili mbali mbali ng'ambo ya bahari. Tulichotaka kujua ni kiasi cha maji tu, kwani kipimo cha karafuu nzima cha Shirika la Viwango la Kimataifa, kinachoitwa ISO 2254, hakikubali maji kuzidi 12 katika mia. Maabara ya kwanza ikajibu 11.2. Ya pili ikajibu 14.9. Majina yao hatuyataji, wala hayatomfaa msomaji kitu.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Hila ya kunyunyizia karafuu maji ili zizidi uzito ni ya zamani, na kila mwenye shamba anaijua. Basi baadhi yetu wakalishika jibu la pili na kuliacha la kwanza, wakasema mtunza ghala amelitia maji gunia. Mtu yule amekaa nasi miaka mingi bila ya kupungua hata pakacha. Aliposikia yanayosemwa hakujibu neno. Aliziweka funguo juu ya meza ya mkutano, akavaa viatu vyake, akaenda zake. Nasi, lazima tukiri, hatukumzuia.

Aliyetutoa gizani ni binti wa mmoja wa wanachama wetu, aliyesoma kemia na anayefanya kazi katika maabara. Alituuliza suali moja ambalo sisi wote na ndevu zetu hatukuliuliza: walipima vipi? Tukaandika barua, tukajibiwa. Maabara ya kwanza ilizichemsha karafuu pamoja na dawa iitwayo toluini, maji yakatoka na mvuke, yakakusanywa katika kigae chembamba cha kioo na kusomwa pale pale. Hiyo ndiyo njia iliyowekwa kwa viungo, nayo ina namba yake, ISO 939. Maabara ya pili ilizitia karafuu katika tanuri yenye moto uliozidi kidogo 100, ikazipima uzito kabla na baada, na kilichopungua ikakiita maji.

Lakini karafuu si mchele. Kipimo kile kile cha ISO 2254 kinataka karafuu nzima za daraja za juu ziwe na mafuta yasiyopungua mililita 17 katika kila gramu 100, na mafuta hayo huruka yakipata moto; harufu inayojaa nyumba nzima siku za kuanika ndiyo hayo. Tanuri ilifukuza maji na mafuta pamoja, kisha vyote viwili vikaandikwa maji. Gunia lile halikunyunyiziwa hata tone.

Tulikwenda watu watatu nyumbani kwa mtunza ghala kumtaka radhi. Kahawa alitupa, na maneno mazuri alitupa. Funguo hakuzichukua mpaka ulipoandama mwezi wa pili.

Sasa msomaji atauliza, maabara ya pili ni wezi? Hapana. Mizani yao ni sahihi, watu wao ni waaminifu, na walipima mara mbili, wakapata 14.8 na 15.0. Na hapa ndipo penye shida yenyewe. Wazee wetu walipokuwa wakiwalipa wachumaji kwa pishi, kila mtaa ulikuwa na pishi moja iliyobonyea, na mwenyewe alikuwa hana khabari, kwani kila akipima kwa pishi hiyo hiyo hupata hesabu ile ile. Ilikuwa lazima ije pishi ya jirani ndipo ubonyeaji ujulikane. Maabara nayo ni hivyo. Kosa linalorejea kila siku kwa kiasi kile kile halionekani kutoka ndani ya nyumba.

Dawa yake ni kuwatahini wapimaji. Msimamizi huchukua shehena moja, huichanganya vyema, huigawa vifuko vilivyo sawa, na humpelekea kila mpimaji kifuko chake bila ya kumwambia jibu. Majibu yakirudi hulinganishwa, na kila maabara hujulikana kwa namba ya siri ili isiaibike hadharani. Jambo hili si geni duniani. Mwaka 1947 Wamarekani wawili, Belk na Sunderman, walitangaza yaliyotokea walipopeleka vimiminiko vya namna moja kwa maabara za hospitali huko Pennsylvania: majibu yalitawanyika vibaya, na hizo ni maabara ambazo wagonjwa walikuwa wakizitegemea kwa roho zao. Mwaka 1990 Uingereza ilianzisha mtihani kama huo kwa maabara za vyakula, unaoitwa FAPAS, nao upo hata leo. Karibu na sisi, nchi za SADC zina mtihani wa maji unaosimamiwa kutoka Windhoek, na maabara za Afrika Mashariki zimeshiriki. Na tangu mwaka 2017 sharti la kimataifa la maabara, ISO/IEC 17025, linasema wazi kwamba maabara ijipime na wenzake panapopatikana mtihani unaofaa.

Basi vifuko vikishagawiwa, tungedhani kazi imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza inaanza, kwani majibu yakirudi nani atasema lipi ndilo la kweli? Binti yetu alikwenda Dar es Salaam kwa mafunzo ya siku nne ya hesabu za takwimu kwa watu wanaosimamia mitihani hii. Aliporudi tulimwita mbele ya Halmashauri atueleze. Hakuja na karatasi. Alichukua chaki akaandika juu ya mlango wa ghala majibu tisa ya mfano, kama yangetoka kwa maabara tisa zilizopima karafuu zile zile: 10.8, 11.0, 11.1, 11.2, 11.3, 11.4, 11.6, 11.9 na 15.9.

Akatuuliza, jibu la kweli ni lipi? Mweka Hazina wetu, ambaye hapitwi na hesabu, akajumlisha akagawa kwa tisa akapata 11.8. Akasema binti, tazameni basi: wapimaji saba katika tisa wako chini ya wastani huo. Mtu mmoja amewavuta wote kwake. Rais wetu akasema, huyo wa 15.9 afutwe. Binti akamjibu kwa adabu, "Babu, leo utamfuta huyu kwa sababu hakupendezi, kesho atakuja mwengine atafute anayemchukia yeye." Tukacheka, lakini Rais alitikisa kichwa kwa kukubali.

Kila maabara hupewa alama, inayoitwa alama ya z. Huchukuliwa jibu lake, hutolewa jibu linalokubaliwa kuwa la kweli, kisha tofauti hiyo hugawanywa kwa kiasi cha kutawanyika, yaani kadiri ambayo majibu ya wapimaji yanapishana. Alama ikiwa haikuzidi 2, juu au chini, maabara imefaulu. Baina ya 2 na 3 ni onyo. Ikifika 3 au zaidi, ni lazima atafutwe alipokosea.

Tukaifanya hesabu kwa njia tuliyofundishwa skuli. Wastani 11.8, kutawanyika 1.57, na yule wa 15.9 akapata alama 2.6. Onyo tu! Mweka Hazina akakasirika. Akauliza, je, na kama angeliandika 99? Binti akampa chaki afanye mwenyewe. Alikaa kitako kwenye gunia robo saa nzima, akaja na 2.67. Hakuamini, akaifanya tena. Kumbe, wapimaji wakiwa tisa, kwa hesabu hiyo ya skuli hakuna awezaye kuzidi 2.67 hata akiandika milioni, kwa sababu kila anavyokwenda mbali anauvuta wastani kwake na anaupanua mtawanyiko ambao yeye mwenyewe atahukumiwa nao. Mtihani kama huo hauwezi kumwangusha mtu yeyote. Wanachama, tulinyamaza kimya pale ghalani. Maabara yenye tanuri ingelipita mtihani huo kwa onyo tu, na mtunza ghala wetu angelibaki na aibu yake.

Kilichofundishwa Dar es Salaam ni njia nyengine. Majibu hupangwa kwa safu kutoka dogo hadi kubwa, na huchukuliwa la katikati. Hapa ni 11.3. Hilo halitikisiki mtu wa mwisho akiandika 15.9 au 99. Kisha hutazamwa kila jibu liko mbali kiasi gani na 11.3, na masafa hayo nayo hupangwa na huchukuliwa la katikati, nalo ni 0.3. Huzidishwa kwa 1.483 ili lilingane na mtawanyiko wa kawaida, ikawa 0.44. Sasa yule wa 15.9 anapata alama zaidi ya 10, na yule wa 11.9, ambaye tulianza kumtilia shaka, anapata 1.3 naye ni mzima. Hakufutwa mtu, na hakuonewa mtu. Zipo njia za ndani zaidi, na kitabu cha mambo hayo ni ISO 13528, kilichotolewa mara ya mwisho mwaka 2022. Sisi tulitosheka na mlango wa ghala.

Alituongezea kwamba wapimaji wakiwa wachache mno, hata jibu la katikati huyumba, na hapo ni bora kiasi cha kutawanyika kinachokubalika kiwekwe kabla ya mtihani, kwa kutazama mnunuzi anahitaji usahihi wa kadiri gani. Na alitueleza shauri la Youden, Mmarekani aliyeandika mwaka 1959: mpelekee kila mpimaji vifuko viwili vinavyokaribiana. Akikosea juu kwa kimoja na chini kwa chengine, huenda mkono umeteleza. Akizidisha vyote viwili, basi njia yake ndiyo yenye ila. Tanuri ile ingelijulikana siku ya kwanza.

Linalotuhusu sisi wenye mashamba zaidi kuliko wenye maabara ni vifuko vyenyewe. Vikiwa havilingani, mpimaji atahukumiwa kwa kosa la gunia. Desturi ni kuchukua vifuko visivyopungua kumi, kila kimoja kupimwa mara mbili, na tofauti baina ya vifuko isizidi sehemu 0.3 ya ule mtawanyiko unaokubalika. Na nyote mnajua karafuu zilivyo. Za chini ya gunia zimevuta unyevu wa sakafu, za juu zimekauka, humo mna mpeta na makonyo. Itabidi zitandazwe juu ya turubali siku ya jua kali, zichanganywe, zigawanywe mafungu manne mara kwa mara, na zitiwe vifukoni upesi kabla ya upepo wa jioni. Hiyo ni kazi ya mikono iliyozoea karafuu, si ya mtu wa koti jeupe.

Halmashauri imeamua mambo mawili. Kwanza, kulipa ada na nauli ya vijana wawili zaidi waende mafunzo hayo, mmoja mwanamume na mmoja mwanamke, wawe wamesoma hesabu mpaka skuli ya sekondari. Maombi yafike ofisini kabla ya mwisho wa mwezi ujao. Kulikuwa na mjumbe aliyesema fedha hizo bora zinunue majamvi. Tulimsikiliza, kisha tukapiga kura. Pili, kutoa karafuu zetu kwa ajili ya mtihani wa majaribio, vifuko viwili kwa kila maabara itakayokubali, na majibu yatatangazwa katika ukurasa huu kwa namba bila ya majina.

Kwa hivyo kila tawi linaombwa kuleta kilo tano za msimu huu, zilizokauka sawasawa, zimechaguliwa makonyo, ndani ya gunia jipya lenye jina la tawi. Zitapokelewa ghalani kila siku isipokuwa Ijumaa, kuanzia saa mbili asubuhi, na kila mletaji atapewa stakabadhi. Akichelewa asije ofisini kwetu kutaka kufunguliwa. Funguo anazo mtunza ghala.