Mtaalamu wa Kompyuta Anayelipia Makosa Yake

Na Mwandishi Wetu

Ni mara ngapi, ndugu msomaji, umefika dirishani katika ofisi fulani ukaambiwa kwamba kompyuta imekosea? Jina lako limepungua herufi moja, au mkopo ulioumaliza mwaka jana bado unakatwa katika mshahara, au mafao ya baba yako aliyestaafu hayaonekani. Mtumishi hutazama mtambo wake, hutikisa kichwa, kisha hukuambia urudi wiki ijayo. Unarudi nyumbani nauli imekwisha, watoto wanakutazama mikononi, wala hukumpata wa kumlaumu, maana aliyekosea ni chuma.

Lakini chuma hutenda lile tu kilichoagizwa. Mara nyingi nyuma ya kosa la namna hiyo yuko mwanadamu: ama yule aliyeingiza habari zako vibaya, ama yule aliyetunga maagizo ambayo mtambo unayafuata. Huyu wa pili ndiye tunayetaka kumzungumzia leo, yaani mtunga programu. Wapo wazazi mijini wanaojinyima ili kumsomesha kijana kazi hiyo, na ni haki yao kujua mtu wa kazi hiyo huishi vipi, husoma nini, na huyatazama vipi makosa yake.

Tumemchagua mtu mmoja ambaye watunga programu wa dunia nzima humhesabu kuwa mwalimu wao. Ni Donald Knuth, profesa mstaafu wa Chuo Kikuu cha Stanford katika jimbo la California, Marekani, aliyezaliwa mjini Milwaukee tarehe 10 Januari 1938.

MAAGIZO YA SUFURIA

Kwanza tuelewane programu ni nini. Ni orodha ya maagizo. Mama anayekwenda sokoni humwambia binti yake, "Angalia maharage yasiungue," na hayo yanatosha. Binti ana macho, ana pua, na amekwisha kuona maharage yakiungua. Kompyuta haina hata kimoja katika hivyo. Itakubidi uiambie: funua mfuniko kila baada ya dakika 10, maji yakipungua chini ya kiasi hiki, ongeza kikombe kimoja, ukibonyeza punje ikapondeka, epua sufuria. Ukisahau kusema la kufanya endapo mkaa utazimika kabla maharage hayajaiva, mtambo utasimama pale mpaka usiku ukifunua na kufunika sufuria la baridi. Hautakuwa umekosea. Utakuwa umetii.

Kwa hiyo mtunga programu hana budi kufikiri mapema juu ya kila jambo linaloweza kutokea. Na kwa kuwa hakuna mwanadamu awezaye kuyafikiri yote, sehemu kubwa ya siku yake hupita katika kutafuta makosa aliyoyafanya mwenyewe jana na juzi. Anayetaka kuonekana hakosei kamwe hataiweza kazi hii.

MTOTO NA KAMUSI

Baba yake Knuth alikuwa mwalimu, na pembeni mwa ualimu alikuwa na mashine ndogo ya kupiga chapa. Kijana alipokuwa darasa la nane, watengenezaji wa peremende walitangaza shindano: nani ataunda maneno mengi zaidi kwa herufi zilizomo katika jina la peremende yao, Ziegler's Giant Bar? Mtoto huyo alisingizia kuumwa tumbo, akakaa nyumbani wiki mbili na kamusi kubwa, akilipitia neno baada ya neno. Majaji walikuwa na orodha yao ya maneno 2,500. Yeye aliwapelekea maneno 4,500. Shule yake ilizawadiwa televisheni, na wanafunzi wenzake wakapata peremende.

Hatuwashauri watoto wetu wasingizie ugonjwa. Lakini mzazi mwenye mtoto anayeng'ang'ania jambo moja kutwa nzima asiharakishe kumkaripia, maana tabia hiyo hiyo ndiyo iliyokuja kumfanya Knuth kuwa Knuth.

KITABU KISICHOKWISHA

Mwaka 1962, akiwa mwanafunzi wa miaka 24, aliombwa na wachapishaji kuandika kitabu kuhusu utungaji wa programu. Alikubali kwa furaha, akapanga sura 12. Kufikia mwaka 1965 alikuwa ameandika kwa mkono kurasa zipatazo 3,000, na ikadhihirika kwamba kitabu kimoja hakitoshi. Ukapangwa mfululizo wa juzuu saba uitwao The Art of Computer Programming. Juzuu ya kwanza ilitoka mwaka 1968, ya pili mwaka 1969, ya tatu mwaka 1973. Juzuu ya nne iligawanywa katika vitabu: cha kwanza kilitoka mwaka 2011 na cha pili mwaka 2022, mwandishi akiwa na umri wa miaka 84.

Wanaosifu bidii ya namna hiyo mara nyingi husahau gharama yake. Mwaka 1967 Knuth alikuwa akifundisha, akisafiri mikutanoni na kusahihisha kurasa za juzuu ya kwanza, na nyumbani yeye na mkewe Jill walikuwa na watoto wawili wadogo. Katika kiangazi cha mwaka huo vidonda vya tumbo vilimwangusha, vikitoka damu, akalazwa hospitali. Alikuwa na umri wa miaka 29. Alipopona aliuelewa ujumbe, akapunguza mwendo. Miaka iliyofuata iliendelea kuwa ya kazi nyingi, lakini pia alipata nafasi ya kupiga kinanda cha kanisani, chombo anachokipenda kiasi cha kujengewa kimoja chenye mabomba nyumbani kwake.

Kwa wafanyakazi wetu wanaoona fahari kutolala, habari hii inastahili kusomwa mara mbili. Aliyefika miaka 80 na zaidi akiwa bado anaandika ni yule aliyekubali kupunguza mwendo akiwa na miaka 29.

HERUFI ZA RISASI

Sisi tunaoishi kwa magazeti tunalielewa vizuri jambo lililompata mwaka 1977. Juzuu zake za kwanza zilipangwa kwa herufi za risasi, kazi ya mafundi waliojua kuipa kila alama ya hesabu nafasi yake. Toleo jipya la juzuu ya pili lilipotayarishwa, wachapishaji walikuwa wamehamia mitambo ya kupanga herufi kwa picha. Knuth aliletewa kurasa za majaribio, akazitazama, akasikitika. Herufi zilikuwa mbaya, na hakutaka kitabu chake kitoke katika hali ile.

Akaamua kutunga programu yake mwenyewe ya kupanga kurasa. Alidhani kazi hiyo ingekwisha upesi, arejee kwenye kitabu. Ilimchukua karibu miaka 10. Programu hiyo huitwa TeX, na mpaka leo vitabu na majarida mengi ya hesabu na sayansi duniani hupangwa kwayo. Hakuiuza. Aliitoa bure pamoja na maagizo yake yote, ili kila fundi aweze kuyasoma na kuyakagua.

HUNDI YA SENTI 256

Hapa ndipo tunapofika kwenye kiini cha habari yetu. Kwa miaka mingi Knuth alitangaza kwamba mtu yeyote atakayekuwa wa kwanza kuona kosa katika vitabu vyake, hata kosa la herufi moja, atapelekewa hundi ya dola 2 na senti 56. Kiasi hicho kina utani wa kitaalamu: ni senti 256, yaani 16 mara 16, na mafundi wa kompyuta wamezoea kuhesabu kwa kumi na sita. Kwa makosa ya TeX alikwenda mbali zaidi. Zawadi iliongezwa maradufu mwaka hata mwaka, mpaka ikasimama kwenye dola 327 na senti 68.

Wengi waliopata hundi hizo hawakuzipeleka benki. Walizitia katika fremu wakazitundika ukutani, kama vyeti vya shule. Mwaka 2008, baada ya matapeli kuanza kuzitumia vibaya namba za akaunti zinazoonekana juu ya hundi, alilazimika kuacha hundi za kweli, akaanza kutoa vyeti vya benki ya kubuni. Heshima ilibaki ile ile.

Zaidi ya kulipa, aliandika. Tangu alipoanza kuifanyia TeX majaribio mwaka 1978 aliweka daftari la kila kosa lililoonekana, na mwaka 1989 alilichapisha hadharani, likiwa na makosa zaidi ya 800. Aliyapanga kwa aina: haya ni ya kusahau, haya ya kuteleza kwa vidole, haya ya kutofikiri vizuri, haya yalitokana na hali ambayo hakuitazamia. Profesa mwenye tuzo, akiwafungulia wanafunzi na washindani wake daftari la makosa yake mwenyewe!

Hata namba ya toleo la TeX inasema jambo hilo hilo. Kila anapotoa marekebisho huongeza tarakimu moja kuikaribia ile namba ya duara ambayo watoto huifundishwa shuleni, inayoanza na 3.14 na isiyo na mwisho. Toleo la mwaka 2021 lilikuwa 3.141592653. Kwa namna hiyo programu yake hukaribia ukamilifu bila kudai kwamba imeufikia.

MTU ASIYESOMA BARUA ZA UMEME

Msomaji angetazamia kwamba mtu kama huyo hushinda na simu mkononi. Sivyo. Knuth alianza kutumia barua pepe yapata mwaka 1975, kabla wengi wetu hatujasikia jina lake, na tarehe 1 Januari 1990 akaiacha. Aliona kwamba miaka 15 inamtosha mtu kwa maisha yake yote. Anayetaka kumwandikia hutumia barua ya posta, naye huzijibu kwa mafungu anapopata nafasi. Mwaka 1993 alistaafu kufundisha, ili muda uliobaki uwe wa kitabu. Hata programu huanza kuziandika kwa penseli juu ya karatasi.

Na husoma. Husoma makala za wataalamu wa leo, na husoma pia maandishi ya kale ambayo wengi wangedhani hayahusiani na kazi yake. Katika vitabu vyake ameeleza jinsi wataalamu wa ushairi wa India walivyohesabu mipango ya silabi fupi na ndefu. Silabi fupi ina pigo moja, ndefu ina mawili. Je, mshororo wa mapigo matatu waweza kupangwa kwa njia ngapi? Tatu. Wa mapigo manne? Njia tano. Matano? Nane. Sita? Kumi na tatu. Kila jibu ni jumla ya majibu mawili yaliyotangulia. Mwanachuoni Hemachandra aliieleza kanuni hiyo yapata mwaka 1150, nusu karne kabla ya Mwitalia Fibonacci, ambaye namba hizo zinaitwa kwa jina lake, hajaiandika katika kitabu chake cha mwaka 1202. Mshairi wetu anayehesabu mizani 16 za mshororo kwa vidole asidhani kwamba yuko mbali na kazi ya kompyuta.

KOSA NA MWENYEWE

Mwaka 1974 Knuth alipewa Tuzo ya Turing, ambayo ndiyo heshima kubwa kabisa katika elimu ya kompyuta. Mwaka huo huo Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya jitihada za kuzitumia katika hesabu za Serikali kushindwa. Marufuku hiyo iliondolewa zamani, na leo mshahara, umeme, maji, mtihani wa mtoto na fedha ya simu vyote hupita katika programu. Ndiyo maana hatuwezi tena kuridhika na jibu la dirishani. Mtambo ukikosea, sharti awepo mtu wa kusema, "Kosa hili ni letu, tumeliandika daftarini, na kesho halitampata mwingine."

Jambo hilo si la mafundi wa kompyuta peke yao. Fundi cherehani aliyekata kitambaa vibaya, mhasibu aliyeruka safu, muuguzi aliyechelewesha dawa, mzazi aliyemwadhibu mtoto asiye na hatia, wote hawa wana njia mbili. Wanaweza kulifunika kosa na kumtafuta wa kumsingizia, au wanaweza kulisema mapema, likiwa bado dogo. Wazee walikwisha kutuonya kwamba mficha maradhi, kifo kitamuumbua.

Jaribu, ndugu msomaji, wiki hii. Nunua daftari dogo, na kila jioni uandike kosa moja ulilolifanya kazini au nyumbani, pamoja na sababu yake. Usimwonyeshe mtu mwanzoni, ukipenda. Lakini mwanao akikukuta siku moja unaandika, akauliza ni hesabu za nini, usilifunge. Mwache asome.